VINUNDU VYA MWILI SI MKOSI

Mimi ni mwanamke mkulima. Nalima mahindi, alizeti na karanga. Nilizaliwa mwaka 1968. Kusoma na kuandika nilijua nikiwa mtu mzima, katika darasa la kisomo la kijiji chetu. Leo nataka kukueleza habari za mwili wangu mwenyewe. Nakueleza kwa sababu huenda katika kijiji chako yuko mtu kama mimi. Huenda ni jirani yako. Huenda ni mtoto wako.

Mwilini mwangu vimo vinundu vingi. Vipo mgongoni, tumboni, mikononi na shingoni. Vingine ni vidogo kama punje ya mtama. Vingine ni vikubwa kama njugu mawe. Ni laini. Ukikibonyeza kimoja kwa kidole, kinaingia ndani kidogo, halafu kinarudi. Nina pia mabaka ya rangi ya kahawia, rangi kama ya chai ya maziwa iliyokolea. Mabaka hayo nilizaliwa nayo.

Watu wakiniona kwa mara ya kwanza, wengine hawanipi mkono. Mtu huogopa jambo asilolijua. Lakini jambo hili linajulikana. Kwa hiyo tulijue na sisi.

WATU WALISEMA NINI

Mama yangu mzazi alikuwa na vinundu kama vyangu. Watu wa kijiji walisema mengi. Wengine walisema alikula nyama ya mwiko wa ukoo alipokuwa mtoto. Wengine walisema amelogwa na mke mwenzake. Wengine walisema ni ukoma.

Katika kazi za pamoja alipewa kata yake peke yake ya kunywea maji. Kata hiyo alikwenda nayo shambani na kurudi nayo nyumbani. Aliitundika ukutani. Sisi watoto wake tulijua kwamba kata ile haiguswi na mtu mwingine. Mama hakulalamika. Lakini siku moja nilimsikia akimwambia shangazi, "Wifi, mimi nimezaa watoto watano na nimelala nao kitanda kimoja. Kama ugonjwa huu unaambukiza, mbona baba yao hana?"

Ndugu msomaji, mama hakujua kusoma, lakini swali lake lilikuwa la kitaalamu. Alitazama, akapima, akauliza. Jibu lilichelewa tu kufika kijijini.

UGONJWA HUU NI NINI

Mwaka 2011 daktari mmoja mwanamke alikuja kwenye zahanati yetu kupima watu magonjwa ya ngozi. Alinitazama mgongoni, akatazama makwapani, akaniuliza habari za wazazi wangu na watoto wangu. Kisha akanieleza kwa lugha nyepesi.

Ugonjwa wangu unaitwa nyurofibromatosi, aina ya kwanza. Jina ni refu, lakini maana yake si ngumu. Katika mwili wa kila mtu imo mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo ni kama nyaya. Inapeleka habari kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye mikono, miguu na ngozi, na kuzirudisha. Ukikanyaga mwiba, mishipa ya fahamu ndiyo inayopeleka habari kwamba umechomwa. Katika ugonjwa huu, vinundu huota juu ya mishipa hiyo. Vinundu vingi si saratani. Huota polepole, na mtu anaweza kuishi navyo miaka mingi.

Mtu wa kwanza kuandika wazi kwamba vinundu hivi vinatoka kwenye mishipa ya fahamu alikuwa Mjerumani, Friedrich von Recklinghausen. Aliandika hivyo mwaka 1882. Mwaka 1990 wataalamu wa Marekani waligundua mahali penyewe penye kasoro katika jeni za binadamu. Jeni ni maagizo madogo sana yaliyomo ndani ya mwili, ambayo tumeyarithi kutoka kwa wazazi. Maagizo hayo ndiyo yanayoujulisha mwili namna ya kujijenga.

Jeni hii moja kazi yake ni kama breki ya baiskeli. Mwili unapokua, breki inazuia sehemu fulani zisikue kupita kiasi. Kwa mtu kama mimi breki hiyo haishiki vizuri. Ndiyo maana vinundu huota.

Ugonjwa huu haubagui. Uko Ulaya, Asia, Marekani na Afrika. Wanaume wanao na wanawake wanao. Inakadiriwa kuwa katika kila watu 3,000 hivi, mtu mmoja anao. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Tanzania ina watu zaidi ya milioni 61. Piga hesabu mwenyewe. Utaona kwamba watu kama mimi nchini wanaweza kufika 20,000 na zaidi. Hatuko peke yetu.

UNAPATIKANAJE?

Ugonjwa huu hauambukizi. Haupatikani kwa kushikana mikono, kula sahani moja, kulala kitanda kimoja wala kuvaa nguo za mgonjwa. Hauletwi na uchawi. Hauletwi na mwiko.

Unarithiwa. Daktari alinionyesha kwa maharage. Mkono wa kushoto alishika maharage mawili, moja jeupe na moja jekundu. Akasema, "Huyu ni mama yako. Harage jekundu ndilo lenye kasoro." Mkono wa kulia akashika maharage mawili meupe. Akasema, "Huyu ni baba yako. Kila mtoto hupata harage moja kutoka kila mkono. Sasa fumba macho uchague."

Nilichagua mara tano, kwa sababu tumezaliwa watano. Kila nilipochagua, tuliandika rangi, halafu maharage yakarudishwa mikononi. Mara mbili nilipata jekundu. Tukarudia tena mara tano. Safari hii nilipata jekundu mara tatu. Katika nyumba yetu kweli tulipata watatu: kaka yangu mkubwa, mimi na mdogo wangu wa mwisho. Wawili hawana.

Ndugu msomaji, angalia jambo hili kwa makini. Kila mimba ni kuchagua upya. Mtoto wa kwanza akiwa na ugonjwa, haina maana kwamba wa pili atapona. Wa kwanza akiwa mzima, haina maana kwamba wa pili ataugua. Kila mara ni nusu kwa nusu.

Na yule ambaye hakupata harage jekundu hawezi kuwapa watoto wake kitu asichokuwa nacho. Dada yangu asiye na ugonjwa ana watoto sita, na wote ni wazima.

Hapa ugonjwa huu unatofautiana na ualbino. Ili mtoto azaliwe na ualbino, lazima apate kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Katika ugonjwa wetu, kutoka kwa mzazi mmoja kunatosha.

Tena kuna jambo jingine kubwa. Karibu nusu ya wagonjwa wote hawakurithi kwa mtu. Baba ni mzima na mama ni mzima. Kasoro imeanza kwa mtoto mwenyewe, kabla hajazaliwa. Hakuna aliyekosa. Kwa hiyo mwanamume asimwambie mkewe, "Mtoto huyu si wangu." Wala mama mkwe asiseme, "Umetuletea mkosi katika ukoo." Ndoa zimevunjika kwa maneno kama hayo, na maneno hayo si kweli.

DALILI ZAKE

Dalili ya kwanza ni mabaka ya kahawia. Mtoto huzaliwa nayo, au hutokea katika miaka ya kwanza. Baka moja au mawili si ugonjwa. Watu wengi wazima wanayo. Lakini hesabu mabaka ya mtoto wako. Yakiwa 6 au zaidi, na kila moja likizidi upana wa milimita 5, yaani kama choroko, mpeleke kwa daktari. Kwa mtu mzima, kila baka liwe limezidi sentimita moja na nusu.

Dalili ya pili ni vidoadoa vidogo kwapani na kinenani, mahali ambapo jua halifiki.

Dalili ya tatu ni vinundu vyenyewe. Vinundu vya ngozi mara nyingi huanza wakati wa kubalehe. Kwa wanawake huongezeka wakati wa mimba. Mimi nilikuwa na vinundu vichache tu mpaka nilipobeba mimba ya kwanza mwaka 1988. Nilipojifungua, nilikuwa sihesabiki. Watu wakasema mtoto yule ana nuksi. Kumbe ni mambo ya mimba tu.

Watoto wengine huwa na mfupa wa muundi uliopinda, au uti wa mgongo uliokwenda upande. Wengine huota uvimbe kwenye mshipa wa jicho, na macho yao hupungua nguvu polepole. Mtoto mdogo hawezi kusema, "Mama, sioni vizuri." Yeye hudhani watu wote wanaona hivyo. Kwa hiyo watoto wenye mabaka wapimwe macho kila mwaka.

Usichanganye mabaka haya na ukoma. Baka la ukoma huwa jeupe au jekundu kidogo, na aghalabu ukiligusa kwa unyoya mgonjwa hasikii. Baka letu ni la kahawia, na ukiligusa tunasikia. Lakini hata kama ni ukoma, usiogope. Ukoma una dawa, dawa hizo ni za bure, na mgonjwa hupona kabisa. Nenda zahanati.

Iko aina nyingine iliyo nadra zaidi. Hiyo huota uvimbe kwenye mishipa ya masikio. Kijana huanza kusikia uvumi masikioni, kisha usikivu unapungua, na wakati mwingine anayumba anapotembea. Watu husema amelewa. Naye pia apelekwe hospitali.

HERUFI ZILINIKATAA

Sasa nataka kukueleza jambo linalonigusa moyoni.

Nilianza shule mwaka 1977. Wenzangu walijifunza a, e, i, o, u, wakaendelea. Mimi herufi zilinikataa. Leo ninaijua "b", kesho nasema ni "d". Nilikuwa nikisikiliza, lakini maneno yalipita kama maji kwenye ungo. Mwalimu mmoja alinichapa kila siku. Alisema mimi ni mvivu na mjinga. Nilipofika darasa la tatu baba akasema, "Mwanangu, bora ukae nyumbani umsaidie mama yako."

Nilikaa miaka mingi nikiamini kwamba mimi ni mjinga.

Daktari yule aliponieleza ugonjwa, aliniuliza, "Shuleni ulikuwaje?" Nikamweleza. Akasema kwamba karibu nusu ya watoto wenye ugonjwa huu hupata shida katika masomo. Si ujinga. Akili wanayo, ila njia ya kujifunza kwao ni ya polepole, nao hupotewa na mawazo upesi. Wakisaidiwa kwa uvumilivu, wanajua.

Niliposikia hayo nililia pale pale zahanati. Wakati huo nilikuwa na miaka miwili tangu nimalize darasa la kisomo. Mwalimu wetu wa kisomo alikuwa kijana mpole. Alinifundisha herufi moja kwa wiki nzima. Hakunicheka. Nilitumia muda mara mbili ya wenzangu, lakini nilifika. Wewe unayesoma gazeti hili kwa kufuata neno moja moja kwa kidole, mimi ni mwenzako.

KAKA YANGU

Kaka yangu mkubwa alikuwa na uvimbe mmoja ndani ya paja. Ulikuwepo tangu ujana. Mwaka 2003 uvimbe ule ulianza kukua haraka. Ukawa mgumu. Ukamuuma usiku hata asilale. Alichuliwa dawa za mizizi. Mganga mmoja wa kienyeji alimchanja kwa wembe, akatoka damu nyingi. Miezi minane ilipita. Alipofikishwa hospitali kubwa, uvimbe ulikuwa umegeuka kuwa saratani, nayo ilikwisha kutembea mpaka kwenye mapafu. Alifariki akiwa na miaka 41.

Ndugu msomaji, nimesema kwamba vinundu vingi si saratani, na hiyo ni kweli. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye uvimbe mkubwa wa ndani, mmoja unaweza kugeuka. Dalili zake ndizo hizi tatu: unakua haraka, unakuwa mgumu, unauma hata ukiwa umepumzika. Ukiona hata moja ya dalili hizi, usingoje mavuno. Usingoje kuuza alizeti. Nenda hospitali.

Mwaka 2016 kinundu kimoja cha mkono wangu kilianza kukua na kuuma. Nilikwenda hospitali wiki ile ile. Kilikatwa, kikapimwa, na haikuwa saratani. Kovu lake ninalo. Kila nikilitazama namkumbuka kaka.

POSA YA MWANANGU

Mwanangu wa pili alirithi ugonjwa huu kwangu. Alipotaka kuoa, wazee wa ukoo walikaa. Wengine walisema, "Tufiche. Avae shati la mikono mirefu. Wakishaoana watazoeana." Mume wangu akaniuliza, "Mama watoto, wewe unasemaje?"

Nilisema, "Binti wa watu atabeba mimba. Yeye ndiye atakayeuguza mtoto usiku. Ana haki ya kujua kabla, si baada."

Tulimtuma mshenga na maneno yote. Nyumba ile ya kwanza walikataa. Walirudisha kishika uchumba chetu kwa heshima. Mwanangu aliumia sana. Alikaa miezi mingi hasemi nami ila salamu. Mimi pia niliumia, lakini sikuona njia nyingine iliyo ya haki.

Baada ya miaka miwili alimpata binti mwingine. Huyu mwanangu alimweleza mwenyewe, kabla ya mshenga. Binti akauliza, "Unaambukiza?" Akajibu, "Hapana." Akauliza, "Watoto je?" Akajibu, "Nusu kwa nusu." Binti akaomba wiki moja afikiri. Kisha akakubali. Sasa ni mkwe wangu, naye hunywa maji kwa kikombe ninachonywea mimi.

Wana watoto wawili. Wa kwanza hana kitu. Wa pili, msichana wa miaka sita, ana mabaka tisa. Tuliyahesabu pamoja, mimi na mama yake. Kila mwaka anapimwa macho, na mpaka sasa macho yake ni mazima. Mwaka huu ameanza shule. Nilikwenda mimi mwenyewe kwa mwalimu wake. Nilimwomba amkalishe mbele, amweleze jambo moja kwa wakati mmoja, na asimchape kwa kusahau. Mwalimu alinisikiliza na akaandika katika daftari lake. Yatakayotokea kesho hatuyajui, lakini yule mtoto haanzi pale nilipoanzia mimi.

MATIBABU

Dawa ya kuondoa ugonjwa huu kabisa haijapatikana. Mtu akikuambia, "Lete mbuzi, nitakuponya," usimpe mbuzi wako. Lakini msaada upo.

Kinundu kinachouma, kinachosuguliwa na nguo, au kinachoziba jicho au sikio, kinaweza kukatwa na daktari. Vingine vinaweza kuota tena mahali pengine. Usikate wala usifunge uzi nyumbani. Vinundu hivi viko kwenye mishipa ya fahamu, na vingine vina damu nyingi.

Mwaka 2020 Marekani iliruhusu dawa ya kumeza iitwayo selumetinibu. Wakati huo iliruhusiwa kwa watoto kuanzia miaka miwili wenye uvimbe mkubwa wa ndani usioweza kukatwa. Dawa hiyo hupunguza uvimbe kwa watoto wengi, ingawa haiuondoi wote. Bei yake ni kubwa sana. Lakini miaka 40 iliyopita hata hiyo haikuwepo. Elimu inasonga mbele.

Kwa magonjwa ya ngozi tunao wataalamu wetu hapa nchini. Kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kufundisha waganga wa ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992. Waganga waliofundishwa hapo wamekwenda mikoa mingi na hata nchi za jirani. Wewe anza na zahanati yako. Omba barua ya kwenda hospitali ya wilaya.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Ugonjwa huu hauambukizi. Mpe mgonjwa mkono. Kula naye.

2. Hesabu mabaka ya mtoto. Yakifika 6, mpeleke kwa daktari.

3. Mtoto mwenye ugonjwa apimwe macho na mgongo kila mwaka. Mtu mzima apimwe shinikizo la damu kila mwaka. Akina mama wachunguzwe matiti mapema, kuanzia miaka 30.

4. Uvimbe ukikua haraka, ukiwa mgumu au ukiuma, nenda hospitali upesi.

5. Mtoto akichelewa kusoma, msaidie. Usimwite mjinga.

6. Kwenye posa, semeni kweli.

Ndugu msomaji, gazeti hili ukilimaliza usilifungie chumvi. Mpe jirani. Kama hajui kusoma, msomee. Mkikutana katika darasa la kisomo, jadilianeni: je, katika kijiji chetu yuko mtu aliyepewa kata yake peke yake? Kama yuko, kesho nendeni mkamtembelee, mkaombe maji, mkanywe naye.